Mwenye Nguvu Mpishe?

Mwenye nguvu mpishe. Wahenga walisema, na sisi vijana wa leo tunautii msemo huu kila siku barabarani hata kama hatuutamki. Lori likipiga honi nyuma ya baiskeli, baiskeli inaingia majanini. Pikapu ikitokea kwa kishindo, bodaboda inajibanza pembeni. Hakuna anayeuliza kitu. Mwenye nguvu kapishwa, mambo yamekwisha.

Mimi nataka kuuliza. Siulizi kwa nini apishwe, maana hilo hata mbuzi wa stendi analijua. Ninachouliza ni hiki: nguvu yenyewe kaitoa wapi? Na wakati anaichukua, ni nani aliyepungukiwa?

Ndugu msomaji, usiogope, sitakupeleka kwenye vitabu vizito. Nitakupeleka gereji. Mjomba wangu ni fundi hapa Mwanjelwa, Mbeya, na tangu nimalize kidato cha nne mchana nashinda kwake nikishika spana na kummulikia tochi. Usiku naandika riwaya ambayo bado inatafuta mchapishaji. Kazi moja inayoletwa sana pale gereji ni hii ya mtu kuja na pikapu yake ya dizeli na kusema, "Fundi, niongezee nguvu." Wengine wanataka kwa ajili ya ujiko tu, wapite mtaani watu wageuke. Lakini wengine wana shida ya kweli, na hao ndio walionifanya nishike kalamu.

Tuseme kuna kijana anayenunua mchele Kyela na kuuleta Mbeya mjini. Ana Hilux ya zamani yenye injini ya 3L, silinda nne, sisi 2,779, haina tabo. Kyela iko chini, karibu na Ziwa Nyasa, kama mita 500 tu juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi. Katikati kuna Tukuyu na milima yake, kuna mvua, kuna kona, na nyuma ya gari kuna magunia. Kupanda kule, gari linalia. Gia ya pili, gia ya kwanza, foleni ya malori nyuma yake inapiga honi. Safari ambayo mwenzake mwenye gari zuri anaimaliza asubuhi, yeye anafika jua limeshapoa na bei ya sokoni nayo imeshapoa. Nyumbani ana watoto, na gari amelinunua kwa mkopo. Huyu akisema "niongezee nguvu" utamwambia ana tamaa? Mimi siwezi.

Basi tuone nguvu hiyo inatoka wapi.

Watu wengi wanadhani nguvu ya gari iko kwenye dizeli. Ni nusu ya ukweli. Injini ya dizeli kwanza inavuta hewa, hewa tupu. Hewa inapita kwenye chujio, ambalo mafundi wanaliita eakilina, inaingia kwenye manifoldi, halafu ndani ya silinda. Pistoni inapanda na kuikandamiza mpaka inabaki chini ya sehemu moja ya ishirini ya ujazo wake wa mwanzo. Hewa iliyobanwa kiasi hicho inakuwa ya moto kupita kiasi. Hapo ndipo nozeli inapopuliza dizeli kidogo sana, kama unyunyu, na dizeli inawaka yenyewe bila cheche. Moto unaisukuma pistoni, gari linakwenda. Kinachobaki kinasukumwa nje kupitia ekzosi.

Kwa hiyo injini inapumua, na hapo silengi kuremba lugha. Inavuta, inatoa. Mfumo wa kuingiza hewa ni pua yake, ekzosi ni mdomo wake. Dizeli ni chakula, lakini nani anaweza kula huku amebanwa pua? Kilo moja ya dizeli inahitaji karibu kilo 14 na nusu za hewa ili iungue yote. Ukiweka dizeli nyingi na hewa haitoshi, ile iliyokosa hewa haiungui sawasawa. Inatoka nje ikiwa masizi. Ule moshi mweusi unaouona kwenye mlima ni chakula kilichotapikwa.

Sasa nikupe hesabu ambayo ilininyima usingizi. Lita moja ya dizeli, ili iungue, inataka si chini ya mita kumi za ujazo za hewa. Mtu mzima aliyetulia anavuta hewa kati ya mita za ujazo kumi na kumi na mbili kwa siku nzima, usiku na mchana. Yaani lita moja ya dizeli inatumia hewa karibu sawa na pumzi za binadamu mmoja kuanzia alfajiri mpaka alfajiri ya pili. Na ile injini ya 3L, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inameza kati ya lita 3,500 na 4,000 za hewa kila dakika. Mtu anameza kama nane. Pikapu moja inapopanda mlima inavuta pumzi za watu zaidi ya mia nne.

Simaanishi kwamba gari linawanyang'anya watu hewa mpaka wanakosa. Hewa ni nyingi, haiishi kwa pikapu moja. Lakini naomba tukubaliane jambo moja: nguvu ya gari lile haikutoka mfukoni mwa mwenye gari. Dizeli alinunua. Hewa hakununua. Amekopa kutoka kwenye kapu la wote, na kila anayekopa anaulizwa anarudisha nini.

Turudi kwa kijana wetu wa mchele. Fundi ana njia tatu za kumwonyesha.

Njia ya kwanza ni kuondoa vizuizi. Eakilina imejaa vumbi la Kyela, ibadilishwe. Mpira wa kuingizia hewa umepasuka na unavuta joto la injini, uzibwe, na hewa ivutwe kutoka sehemu ya baridi, maana hewa ya baridi ni nzito na ina oksijeni zaidi. Ekzosi imebonyea pale ilipogonga jiwe, inyooshwe au iwekwe nyingine yenye kipenyo kinachofaa. Nozeli zinazochuruzika zirekebishwe. Hapa gari halipati nguvu mpya, linarudishiwa nguvu iliyokuwa yake. Na tazama ajabu: kadiri linavyopata nguvu, ndivyo moshi unavyopungua. Mwenye gari anafaidi, na mama anayeuza ndizi kandokando ya barabara Tukuyu naye anafaidi, ingawa hakuchangia hata senti.

Njia ya pili ni tabo. Kila unapopanda mlima hewa inakuwa nyepesi. Hapa Mbeya, ukilinganisha na pwani, imepungua uzito kama asilimia 15. Injini isiyo na tabo inapungukiwa pumzi kama mtu wa Dar es Salaam aliyekuja kucheza mpira huku kwetu. Mwaka 1905 Mswisi mmoja, Alfred Büchi, alipata hataza ya wazo la kuutumia moshi wenyewe. Moshi unapotoka bado una joto na mwendo. Ukiuelekeza kwenye feni, feni ile inazungusha feni nyingine inayosukuma hewa ndani ya injini. Kile kilichokuwa kinatupwa kinafanya kazi kabla hakijaondoka. Kwenye gari la tabo, ekzosi pana ina maana ya kweli, kwa sababu moshi ukiwa na njia nyepesi baada ya tabo, feni inazunguka mapema na kwa uhuru. Njia hii ina gharama. Inataka fundi anayejua, oili ya uhakika, na dizeli iongezwe kwa kipimo kinacholingana na hewa, si zaidi. Ikifanywa vizuri, nguvu inaongezeka na mlima hauachi wingu nyuma.

Njia ya tatu ndiyo rahisi, na ndiyo inayopendwa. Unafungulia skrubu ya pampu ili imwage dizeli zaidi. Unang'oa eakilina kabisa, "ipate hewa ya kutosha". Unakata sailensa na kuacha bomba tupu. Saa mbili kazi imekwisha. Gari linanguruma kama simba, linatoa wingu jeusi, na dereva anatabasamu. Nguvu imeongezeka? Kidogo, ndiyo, maana dizeli iliyopata hewa imeungua. Iliyobaki imekuwa moshi. Vumbi linaingia na kusaga silinda kama msasa. Joto la ndani linapanda, na pistoni imetengenezwa kwa aluminiamu, madini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Ile sauti nayo ni ya kwetu sisi masikio, pistoni haijui kama kuna sauti.

Nilimwuliza mjomba siku moja, "Mjomba, kwa nini wanaipenda ya tatu wakati wewe unawaeleza yote haya?"

Akanijibu bila kuinua kichwa, "Mjomba, ile ya kwanza haionekani. Mtu akilipa hela anataka aone."

Nadhani alikuwa amesema jambo kubwa kuliko pikapu. Nguvu ya kweli mara nyingi haionekani, ila kazi yake inaonekana. Nguvu ya uongo inabidi ionekane, vinginevyo itajulikanaje kama ipo?

Lakini hapa tulipofika ni pepesi bado. Mpaka sasa nimesema kana kwamba wema na faida ni ndugu wa tumbo moja: toa moshi kidogo, utaokoa dizeli, injini itadumu. Ingekuwa hivyo siku zote, tusingehitaji maadili; hesabu ya darasa la saba ingetosha. Tatizo linaanza pale wema unapotaka ulipie.

Na kuna mahali unalipia kweli. Pikapu za dizeli za miaka ya karibuni zinatoka kiwandani na vifaa vya kusafisha moshi. Kuna chujio la masizi ndani ya ekzosi, kuna bomba linalorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ili kupunguza sumu ya oksidi za naitrojeni. Vifaa hivi vinabana pumzi ya injini. Vikiziba, gari linakuwa zito, na bei ya kuvibadilisha inatisha. Ukiving'oa na kubadilisha programu ya kompyuta ya gari, unaweza kupata nguvu halisi na kuepuka gharama halisi. Hapa huwezi kumwambia mtu "unajiumiza mwenyewe". Hajiumizi. Anafaidi. Anayeumia yuko nyuma ya gari.

Wenzetu wa Marekani, ambako pikapu ni kama dini, wametuonyesha jambo hili likifika wapi. Mwaka 2020 wakala wa serikali yao wa mazingira, EPA, ulikadiria kwamba katika muda wa miaka kumi hivi pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimeng'olewa vifaa vya kusafisha moshi. Wakapiga hesabu: uchafu wa ziada ulikuwa sawa na kuongeza pikapu nyingine milioni tisa barabarani. Na kuna waliofanya mchezo wa kufungulia dizeli makusudi ili kumfukizia moshi mweusi mwendesha baiskeli au mtu mwenye gari la umeme. Mchezo huo ulikithiri mpaka jimbo la New Jersey likautungia sheria ya kuupiga marufuku mwaka 2015. Usidhani ni wahuni wa mtaani tu. Mwaka huohuo wa 2015 kampuni ya Volkswagen ilibanwa ikakiri kwamba magari yake ya dizeli kama milioni 11 duniani yaliwekwa programu inayojua kwamba gari linapimwa. Kwenye kipimo lilikuwa malaika. Barabarani lilirudia tabia zake.

Na moshi wenyewe si jambo la kupepea mkono usoni na kusahau. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa injini za dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyojulikana kumsababishia binadamu saratani. Kundi hilohilo lina moshi wa sigara. Tofauti ni kwamba sigara mvutaji kaiwasha mwenyewe.

Sasa nisikilize hoja za upande wa pili, maana nazisikia kila siku kijiweni.

Ya kwanza wanasema, "Gari ni langu, nafanya nitakavyo." Sawa, gari ni lako. Lakini mali yako inaishia mwisho wa ekzosi. Kinachotoka pale hakina kadi ya gari, hakina namba, na hakikufuati nyumbani. Mtu hawezi kusema "changu" wakati wa kuvuta na "cha dunia" wakati wa kutoa.

Ya pili wanasema, "Moshi wangu ni tone baharini. Tazama malori, tazama mabasi." Hoja hii ina ukweli unaouma, kwa sababu pikapu moja ikisafishwa Mbeya haitabadili kitu. Lakini mbona hatuitumii kwenye mambo mengine? Mtu akiiba gunia moja ghalani hatusemi "ghala lina magunia elfu". Halafu mapafu hayavuti wastani wa mji mzima. Mtoto aliyesimama kando ya barabara akisubiri kuvuka anavuta moshi wa gari lililo mbele yake, na gari hilo lina dereva mmoja, mwenye jina.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo inasemwa kwa sauti ya chini: "Maskini hawezi kumudu hewa safi. Mimi natafuta ugali." Hapa sitaki kuwa mtu wa kuhubiri huku nimeshiba. Anayepanda mlima wa Tukuyu na deni la gari mgongoni hawezi kuambiwa aache kazi kwa ajili ya pafu la mtu asiyemjua. Ila naomba tumtazame huyo asiyemjua. Ni nani yupo nyuma ya pikapu? Tajiri amefunga vioo, kiyoyozi kinafanya kazi. Aliye wazi ni mwendesha bodaboda, ni mama ntilie aliyeweka sufuria yake kandokando ya lami, ni utingo aliyelala juu ya magunia yaleyale ya mchele, ni wanafunzi wanaorudi kwa miguu. Moshi wa maskini unamwangukia maskini. Umaskini ni sababu ya kumsamehe mtu aliyekosa njia nyingine. Hauwezi kuwa sababu ya kuichagua njia ya tatu wakati ya kwanza ipo, na mara nyingi ya kwanza ndiyo ya bei ndogo: chujio jipya, mpira uliozibwa, nozeli zilizopimwa.

Kuna pia mambo ambayo hayako mikononi mwa kijana wetu, na ni haki kuyasema. Yeye hachagui dizeli inayouzwa kituoni. Zamani dizeli ya kwetu ilikuwa na salfa nyingi, na chujio la kisasa la masizi haliwezi kuishi na dizeli ya namna hiyo. Tangu mwaka 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliafikiana kushuka mpaka sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Hatua kama hiyo hakuna fundi wa Mwanjelwa anayeweza kuipiga kwa spana. Kwa hiyo tusimtwishe mtu mmoja mzigo wa serikali. Ila naye asiitwishe serikali mzigo wa skrubu ambayo ameifungulia kwa mkono wake.

Nikifikiria haya yote namkumbuka mwenye jina lenyewe. Rudolf Diesel alikuwa Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Mwaka 1897 injini yake ilipimwa kule Augsburg, ikageuza kama asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, wakati injini za mvuke za zama zile zilikuwa zinapoteza sehemu kubwa kabisa ya makaa yake. Lakini ndoto yake ilikuwa pana kuliko injini. Alitaka fundi mdogo, mwenye karakana ndogo, apate nguvu ya bei nafuu ili asimezwe na viwanda vikubwa. Mwaka 1903 aliandika hata kitabu kuhusu jinsi wafanyakazi wanavyoweza kusaidiana na kumiliki kazi yao kwa pamoja. Mwaka 1913 alipotea usiku akiwa melini kuelekea Uingereza, na baadaye mwili wake ukaonekana baharini.

Nalitaja hilo kwa sababu kijana wa mchele wa Kyela ndiye mtu ambaye Diesel alimfikiria: mtu mdogo mwenye injini yake. Nguvu ile ilikusudiwa kumwinua yeye bila kumkanyaga mwenzake. Kila anapopanda mlima na mzigo, ndoto ya mzee yule inatimia. Kila anapofungulia pampu na kumwachia utingo wake wingu zima, anaichafua.

Naona sasa naweza kulijibu swali langu la mwanzo. Nguvu ziko za aina mbili. Ipo inayopatikana kwa kuondoa kizuizi: unazibua, unanyoosha, unatumia kilichokuwa kinapotea. Hiyo haina mdai. Na ipo inayopatikana kwa kuhamisha mzigo: wewe unakuwa mwepesi kwa sababu mwingine amekuwa mzito. Kwa nje zote mbili zinapanda mlima. Dereva aliye mbele akitazama kioo cha mbele tu hataona tofauti. Tofauti iko nyuma, na nyuma ndiko tusikopenda kutazama.

Ndugu zangu mnaoandika, msidhani tumesalimika kwa kuwa hatuna magari. Sisi nasi tunavuta na kutoa. Tunavuta hewa ya mtaa: kilio cha jirani, aibu ya shangazi, lugha ya makuli, siri aliyotuambia rafiki akidhani tunasikiliza tu. Hiyo ndiyo hewa ya riwaya zetu, hatukuinunua. Halafu tunatoa nini? Wapo waliokata sailensa, kila sentensi ni mngurumo, na ukipima mwendo hadithi haijasogea. Na wapo wanaopanda juu kwa kumpaka masizi mtu ambaye hana kalamu ya kujibu. Mimi mwenyewe kabla ya kuandika sura inayomhusu mtu wa mtaani kwetu najiuliza kama ningeweza kumsomea akiwa amekaa mbele yangu.

Kwa hiyo wahenga sitawapinga. Mwenye nguvu mpishe, lori likija usibishane nalo. Lakini na mwenye nguvu naye tumpe sharti lake. Kabla hajalipa fundi na kuondoka, asimame nyuma ya pikapu yake mwenyewe, mahali pale atakaposimama mtoto wa mtu. Fundi akanyage mafuta mpaka mwisho. Mwenye gari avute pumzi tatu, ndefu, asizibe pua. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Akiweza kuzivuta zote tatu bila kurudi nyuma, apande mlima wake salama, na sisi tutampisha kwa moyo mweupe.